Mutoro, Savoni na Akina Kambale wa Kambi

Kiti mumekichukua, kioo mumekichukua, na ile mashini yangu ya mukono mumeiacha kwenye sanduku kwa sababu, munasema, ni ya wakati wa Nuhu. Sawa. Lakini hakuna hata mumoja kati yenu aliyeniuliza juu ya majina ya utani, na kinyozi asiyejua majina hatamaliza mwezi pale kambi ya askari ya Beni bila kujitia matatani. Donc, basi, nimekaa hapa nyumbani Butembo, blanketi juu ya magoti, ninawaandikia ninyi vijana munaonyoa mahali pangu. Mambo ya cheo na mushahara sitayagusa. Kinyozi hana cheo, ana kiti, na kile kiti chenyewe kinayumba mguu wa nyuma wa kushoto. Wekeni kipande cha mbao. Musiweke kartoni, kartoni inalowa.

Nilifika kambini nikiwa kijana, na sanduku la mbao, mikasi miwili, na koti la kaka yangu. Aliyenipokea alikuwa Muzee Mbusa, kinyozi wa kambi tangu wakati wa Wabelgiji, mutu mwenye kipara kinachong'aa kama sahani iliyooshwa. Askari walimuita Shamba Tupu. Jina hilo halikumusumbua hata kidogo. Alisema mupishi mwembamba na kinyozi mwenye kipara ndio watu wa kuaminiwa, kwa sababu inaonekana wazi kwamba hawaibi kazini.

Kibanda chake kilikuwa karibu na mulango wa kambi, mabati juu, mbao upande mumoja tu, kwa hiyo kila aliyeingia ama kutoka tulimuona. Siku ya kwanza aliniachia kichwa cha askari mumoja mukimya, adjudant kwa cheo, akasema hicho ni kichwa rahisi, hakina mabonde. Mashini ya mukono, kwa ninyi mulionyonya umeme, inataka ubane na uachie, ubane na uachie, na usiiondoe kwenye nywele kabla ya kuachia, la sivyo inang'oa. Mimi niliiondoa. Kisha, kwa kutaka kurekebisha, nikashika wembe, na wembe ukapita kwenye sikio. Adjudant hakulia. Alijitazama kwenye kioo, akanitazama, akauliza kama nimetumwa na adui. Kabla ya jioni kambi nzima ilikuwa inaniita Sikio. Nimeshanyoa makoloneli na mapasteri, nimeshanyoa bwana arusi aliyelala kwenye kiti akikoroma, na mupaka siku yangu ya mwisho askari waliokaa mbele yangu waliziba masikio kwa mikono miwili, hata wale ambao siku ile ya adjudant mama zao walikuwa bado hawajaolewa.

Niliona haya, nikataka kurudi Butembo. Muzee Mbusa alinikalisha kwenye kile kiti cha kunyolea, akaniambia nisiwe mujinga. Akaanza kunisimulia majina, na tangu ile siku sikusikia kitu kingine kinywani mwake ila majina na bei ya viwembe.

Alisema wakati wa ujana wake askari hawakuwa na ruhusa ya kujibu ofisa muzungu hata neno moja, kwa hiyo walimujibu kwa jina. Kulikuwa na mumoja waliyemuita Maji Moto, kwa sababu alichemuka kila asubuhi na kufikia saa sita alikuwa ameshapoa. Mwingine alikuwa Macho Manne, kwa ajili ya miwani. Na wa tatu alikuwa Kesho, mutu aliyeahidi ruhusa ya kwenda nyumbani kila siku ya Mungu, na siku zote ilikuwa kesho. Huyo alipolisikia jina lake alifurahi sana, akasema lina sauti nzuri, akaagiza lipakwe rangi nyeupe kwenye sanduku lake la safari. Askari walilibeba lile sanduku mupaka kwenye gari wakiwa wameuma midomo.

Kabla ya Beni, Muzee Mbusa alikuwa amewanyoa pia mabaharia wa ziwani, kule Kyavinyonge. Alisema majina ya mabaharia ni mabaya kuliko ya askari, kwa sababu kwenye mashua hakuna pa kukimbilia. Huko alimujua Nanga, mutu muzito aliyelala pale pale alipowekwa. Alimujua Majani, nahodha aliyeingiza mashua kwenye matete mara nyingi mupaka viboko wakamuzoea, wakawa hawageuki hata kumutazama. Na alimujua kijana mumoja wa mulimani aliyeitwa Tapika, ambaye alianza kutapika wakati mashua ingali imefungwa kwa kamba. Kuna siku, aliapa Muzee, walimutuma tu kununua kamba mupya sokoni, akairudisha akiwa ameinama, anatapika.

Jambo moja alilokazia ni hili: jina la kambi haliombwi. Tulimupata kijana mumoja aliyefika na jina lake tayari, amelileta kutoka nyumbani kama vile mutu analeta godoro. Alisema aitwe Radi. Wenzake wakaitika, sawa, Radi. Juma lile mvua ikanyesha kwenye uwanja wakati wa kuimba wimbo wa taifa, radi ya kweli ikapiga nyuma ya mulima, na Radi wetu akaonekana chini ya mwavuli wa muke wa komanda, amemushika yule mama mukono. Tangu hapo ni Mwavuli. Ameshakuwa na wajukuu, na ni Mwavuli.

Hapo ndipo tunafika kwa akina Kambale. Ninyi ni watoto wa hapa, munajua, lakini karatasi hizi zikifika kwa mutu wa mbali, nimueleze. Kwetu Wanande mutoto hangojei jina, jina ndilo linamungoja. Kijana wa kwanza ni Paluku ama Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na kuendelea mupaka mama achoke. Mimi mwenyewe ni Paluku. Nyumbani ni jambo zuri, hata mugeni anajua nani alimutangulia nani kwenye sahani. Kambini ni balaa. Ukiita Kambale kwenye uwanja, nusu ya watu wanageuka. Na musiniambie habari ya majina ya ubatizo, kwa sababu nusu ya akina Kambale walikuwa Jean, nusu nyingine walikuwa Pierre, na waliobaki walikuwa Jean-Pierre.

Tulipata serja mumoja mugeni, mutu wa Kinshasa, mwenye Lingala nyingi na subira kidogo. Hakujua habari hii ya kuzaliwa kwa zamu. Siku moja alimukuta Kambale mumoja amelala nyuma ya jiko saa ya kazi, akapaaza sauti kwamba Kambale aende kwa kinyozi anyolewe yote, kipara, iwe azabu. Akaniambia na mimi kwa mbali, kisha akaenda zake kunywa chai. Kambale akaja, nikamunyoa. Akaja Kambale mwingine, amesikia anaitwa, nikamunyoa. Akina Kambale ni watu wa kutii sana. Walipanga mustari mupaka kwenye mulango wa kambi, wengine wakiuliza kosa ni nini, wengine wakisema musiulize, ukiuliza inaongezwa. Serja aliporudi alikuta vichwa vimejaa uwanja vikiwaka jua, akina Kambale wote wa kambi, isipokuwa mumoja. Yule wa nyuma ya jiko alikuwa bado amelala.

Kesho yake serja yule yule aligawa majina kama mutu anayegawa biskuti kwenye matanga: Kambale Soksi, Kambale Redio, Kambale Pilipili, na yule mwingine, bila shaka, Kambale Usingizi. Akawa mutaalamu kuliko sisi wenyewe. Sasa muelewe: jina la kambi ni chombo cha kazi kama kitana. Bila hilo unanyoa kichwa cha mutu asiye na kosa.

Juu ya vita sitaandika. Nilikuwepo, na wapo watakaoandika vizuri kuliko mimi. Mimi ninataka niandike juu ya Mutoro, kwa sababu ni kesi ngumu kuliko zote nilizopata kwenye ile kazi, na haikuwa ya nywele.

Mutoro alikuwa Kasereka, mutu wa Musienene, mwembamba, mupole, sauti yake ndogo hata akisema yupo ilibidi aseme mara mbili. Muke wa komanda alifuga dindon, bata muzinga mumoja dume, na yule ndege alikuwa na roho mbaya ambayo sijaiona hata kwa mutoza kodi. Kasereka aliwekwa kulinda upande wa barabara ya Oicha, karibu na miti ya kakao. Dindon akamutokea kwa nyuma, akamushika suruali. Mimi nilikuwa napiga mafuta mashini yangu nilipomuona Kasereka anakuja mbio, bunduki mugongoni, kofia hakuna. Akajitupa kwenye kiti, akaniambia nimukate nywele. Nilikuwa nimemunyoa jana yake, kichwa kilikuwa yai. Nikauliza nikate nini. Akasema nikate tu, nisiache. Punde si punde dindon naye akafika, akasimama mbele ya kibanda kama mutu anayengoja zamu yake.

Hivyo akawa Mutoro. Kambi ilicheka mupaka mbavu zikauma, lakini ninyi munajua, kwa askari hilo si jina la kucheka. Mutoro ni mutu aliyeacha wenzake akakimbia. Mutoro anatafutwa. Kasereka alilivumilia, aliliitika kwa ile sauti yake ndogo, mupaka alipomupata Kavira.

Kavira alikuwa binti wa Kipese aliyeshuka kukaa kwa shangazi yake, Tante Masika, kule Bungulu, akawa anauza beignets, yale maandazi ya mafuta, karibu na barabara. Kasereka alikula zile beignets mupaka mukanda wake ukaomba tundu lingine. Walipatana. Sasa baba ya musichana, Muzee Kakule, mukulima wa viazi, akapeleka habari kwamba atashuka mwenyewe kuja kuuliza juu ya huyo kijana, tena atauliza kambini, kwa wenzake, bila kutangaza siku. Alisema mutu akiwa mbele ya wakwe ni malaika, lakini yeye anataka kusikia wenzake wanamuita nani. Tante Masika hakuweza kuzuia ulimi, akamuambia Kavira siku, na Kavira akamuambia Kasereka.

Kasereka alinijia rangi imemutoka. Alikaa kwenye kiti bila kuziba masikio, na hapo nikajua ni mambo mazito.

“Papa Sikio,” akasema, “bakisikia ile jina, minakwisha. Nani atatoa binti yake kwa mutoro?”

Nilimuhurumia kweli. Alizunguka kambi nzima, mutu kwa mutu, akiomba wasilitamke lile jina mupaka wakwe waondoke. Wenzake wakaapa, mimi pia nikaapa, lakini askari haapi bure. Walimutaka awe anawatekea maji wote mupaka mambo yaishe. Akakubali haraka, na hapo ndipo ujinga ulipoanza, kwa sababu asubuhi waliyofika wakwe yeye alikuwa kwenye chemchemi na mabidon ya kutekea.

Muzee Kakule aliingia na koti la suti na buti za mupira, kikapu mukononi: viazi vya Kipese, furomaji, jibini moja ya duara, na kuku aliyefungwa miguu. Nyuma yake Tante Masika, mama munene mwenye kitambaa cha kujifutia jasho. Muzee hakuwa amemuona kijana hata siku moja. Tante alikuwa amemuona mara moja, kofia imeshuka mupaka puani, na kwake askari wote walifanana. Wakamuambia mulinzi wanamutafuta Kasereka.

Mulinzi alikuwa na jina lile kwenye ulimi. Nilimuona anavyolimeza, kama mutu aliyemeza mufupa. Akageuka akaita tu Kasereka, na wakaja. Akaja Kasereka wa jiko na mwiko mukononi. Akaja Mwavuli, maana naye ni Kasereka. Akaja kaporali mumoja tuliyemuita Savoni, kwa sababu alinukia sabuni hata akitoka kuchimba mutaro: mabega mapana, buti zinang'aa, meno yote yapo. Walijipanga, na Muzee Kakule akapita mbele yao polepole, mikono mugongoni, kama jenerali wa viazi. Akasimama kwa Savoni.

Akamuuliza kama ndiye anayemutaka mutoto wao. Savoni akatazama kuku, kuku akatazama Savoni. Akasema ndiyo, baba. Sijui hata leo kama ulikuwa muchezo ama njaa. Yeye anasema muchezo.

Tante Masika alijifuta uso akasema afazali huyu, ana mabega. Muzee akageukia askari waliokuwa wamejaa pale, akauliza lile swali lake: ninyi wenzake, huyu munamuita nani? Na wale wapumbavu, kwa kuwa jina hili halikukatazwa, wakajibu kwa kelele moja, Savoni! Muzee akacheka, akasema mutu safi, na kikapu kikaanza kutoka mukono wake kwenda mukono wa Savoni.

Wakati huo nilimuona Kasereka wetu. Alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, bidon kila mukono, anaona vyote. Nilimupungia kitana aje. Akatikisa kichwa. Midomo ilifunguka lakini sauti haikuja, na hata ingekuja, angesema nini? Angesema mimi ni Kasereka? Kasereka walikuwa wamejaa pale mustari muzima. Kulikuwa na jina moja tu Beni yote ambalo lilikuwa lake peke yake.

Nilikasirika. Nilimukasirikia Savoni, nikakasirikia viapo vyetu vya kipuuzi, nikamukasirikia hata yule dindon. Nilikuwa na Kambale Redio kwenye kiti, nusu kichwa kimenyolewa, masikio ameyaziba. Nikasimama juu ya kiboksi changu, nikaita kwa koo lote:

“Mutoro!”

Kambi nzima ikageuka. Hata kuku akainua shingo. Muzee Kakule akaacha kikapu katikati ya mikono miwili, akageuka, akauliza Mutoro ni nani. Kila askari alianza kuangalia buti zake kama ni mara ya kwanza anaziona. Mulinzi aliangalia mbingu. Kasereka angerudi tu hatua moja nyuma ya jiko, basi, ingekuwa imekwisha. Angebaki bila jina baya, na bila Kavira.

Aliangusha mabidon. Akaja mbio, maji yanamwagika nyuma yake uwanja muzima, akasimama mbele ya Muzee, suruali imelowa mupaka magoti.

“Njo mimi, baba,” akasema, na kwa mara ya kwanza tulimusikia wote bila kurudia. “Kasereka wa Musienene. Hapa baniita Mutoro.”

“Ulikimbia vita?”

“Hapana, baba. Nilikimbia dindon.”

Nilimuona Kambale Redio anauma shuka la kunyolea ili asicheke.

“Ilikuwa mukubwa?” akauliza Muzee.

“Sana, baba. Na ilikuwa na kasirani.”

Muzee alimutazama juu mupaka chini, akatazama maji yaliyomwagika, akatazama Savoni. Kisha akamuambia Tante Masika, polepole, lakini sote tulisikia.

“Mutu mwenye jina kama ile, ukimuita mbele ya bakwe, anajificha. Huyu ameitika, tena amekuya mbio. Hatakimbia nyumba yake.”

Tante akauliza, na mabega je? Muzee akasema mabega yatakuja na viazi. Akakichukua kikapu kutoka kwa Savoni, ambaye alikiachia kidole kimoja kimoja, akakiweka mikononi mwa Mutoro. Kuku yule aliliwa jioni ile. Savoni alipewa shingo.

Arusi ilifanyika Kipese, kwenye kanisa la Waprotestanti pale juu, baridi inakata. Pasta alipoita Kasereka asogee mbele, akasogea bwana arusi, akasogea Savoni aliyekuwa shahidi, akasogea Mwavuli, na wajomba watatu wa Musienene, mupaka Kavira mwenyewe akasema kwa sauti kwamba anamutaka Mutoro, wengine wakae. Kanisa lote lilicheka. Mutoro alikuwa na furaha hata akasahau kuona haya.

Sasa, Muzee Kakule, ukisomewa mahali hapa, ziba masikio. Uliniomba nisiandike, ninajua.

Tulikuwa tumekaa nje baada ya chakula. Muzee alikuwa na suti mupya, kikombe cha chai mukononi, anawapa wageni mawaidha juu ya uvumilivu wa ndoa. Kwenye njia ya chini wakatokea wazee wawili wenye kofia za baharia zilizochakaa, wanahema kwa kupanda mulima, wametoka ziwani kwa miguu na gari ili kumupongeza rafiki yao. Mumoja akaweka mikono kinywani, akaita.

“Tapika!”

Watu wakatazamana. Nikamukumbuka Muzee Mbusa, yule kijana wake wa mulimani na ile kamba ya sokoni. Wakwe wa Musienene waliulizana Tapika ni nani. Muzee Kakule alikuwa amekaa wima, macho mbele, kama mutu asiyesikia. Wazee wakaita tena. Hapo akageuza macho polepole mupaka yakamufikia mukwe wake. Mutoro alikuwa anamutazama, hakucheka.

Muzee aliweka kikombe chini, akaitika, akateremuka mbio.